Bonde la Kilombero na watoto: Udzungwa, Mikumi na mto wenyewe

Matembezi ya familia katika Bonde la Kilombero hupangwa kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Huyo ndiye anayeamua mtafika maporomoko yapi, mtaanza saa ngapi na mtahitaji watu wazima wangapi. Familia nyingi hufanya kinyume: huchagua maporomoko ya Sanje kwa kuwa picha zake zinavutia, hufika langoni saa 5 asubuhi jua limeshapamba moto, na katikati ya mlima mtoto wa miaka minne hukaa chini akakataa kuinuka. Mmoja ambebe mtoto, mwingine abebe mabegi mawili, na maporomoko yenyewe wanayafikia wamechoka hata hamu ya kuyatazama imekwisha.

Hali hiyo inaepukika kabisa, kwa sababu bonde hili lina njia ya kila umri.

Upande wa magharibi wa bonde kuna Milima ya Udzungwa, iliyosimama kama ukuta wenye msitu kuanzia chini hadi juu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilomita za mraba 1,990. Ndani yake hakuna barabara ya kuzungukia kwa gari. Hifadhi yote ni ya kutembea kwa miguu. Kwa watoto naiona hiyo kuwa sifa kubwa. Katika hifadhi za magari mtoto hukaa saa nne nyuma ya kioo akiambiwa "tazama kule", na baada ya tembo wa tatu anaomba simu achezee. Huku anagusa gome la mti, anasikia mbega akiruka juu ya kichwa chake, anakanyaga maji.

Lango kuu liko Mang'ula, kiasi cha kilomita 350 kutoka Dar es Salaam na kama 65 kutoka Mikumi mjini. Mnafuata barabara kuu ya Morogoro–Iringa hadi Mikumi, mnakata kushoto kuelekea Kidatu, mnavuka Ruaha Mkuu, kisha mnaambaa chini ya milima hadi Mang'ula. Kwa gari binafsi kutoka Dar wekeni siku nzima. Mkiwa na watoto hesabuni saa nane pamoja na kusimama. Wanaopenda treni wanaweza kupanda ya SGR, inayobeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 2024 na kufika chini ya saa mbili, kisha wakachukua basi la Ifakara kwenye stendi ya Msamvu. Basi hilo hupita Mang'ula. Mwambieni kondakta tangu mwanzo kwamba mnashukia getini hifadhini, la sivyo mtapitishwa hadi stendi na kurudi na bajaji mkiwa na mizigo na watoto waliolala.

Kipande cha Kidatu kuendelea kusini msikipite usiku. Msimu wa kuvuna miwa, unaoanza karibu na Juni, matrekta yanayovuta trela za miwa huingia barabarani kutoka kila upande, na mengine taa zake za nyuma hazionekani kwa vumbi na matope. Mashamba huchomwa kabla ya kuvunwa, hivyo jioni moshi na majivu hushuka mpaka barabarani. Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake ndani ya gari, siyo kwenye buti.

Langoni

Hifadhi za taifa hazipokei pesa taslimu. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au kwa kadi, ndipo mnapata kibali. Kinachokwamisha watu ni mtandao wa simu unaosuasua chini ya milima, au salio lisilotosha kwa sababu walisahau kwamba juu ya kiingilio kuna kodi ya VAT na ada ya mwongozaji. Wekeni pesa kwenye simu mbili za mitandao tofauti kabla hamjatoka Morogoro. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu. Mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, maana raia na mgeni hawalipi kiasi kimoja na tofauti yake ni kubwa. Viwango hubadilishwa mara kwa mara mwaka wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo pigeni simu kuuliza bei ya sasa badala ya kutegemea tangazo la zamani lililohifadhiwa na rafiki.

Mwongozaji ni wa lazima kwenye njia kama ya Sanje, na hata pasipo lazima ningemchukua. Anajua mawe yapi yanateleza, na anajua pa kumwonyesha mtoto kinyonga ambaye nyinyi mngempita mara kumi. Mwambieni umri wa kila mtoto kabla hamjachagua njia, na mwambieni ukweli. "Amezoea kutembea" haimsaidii. "Ana miaka mitano na jana tulikuwa safarini siku nzima" inamsaidia.

Njia tatu, kwa umri

Njia ya Prince Bernhard ndiyo ya watoto wadogo. Imepewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, mume wa Malkia Juliana, aliyehudhuria uzinduzi wa hifadhi. Inaanzia hapo hapo makao makuu ya Mang'ula, ina urefu wa kama kilomita moja, na inaishia kwenye maporomoko madogo. Mtu mzima akiwa peke yake huimaliza chini ya saa moja. Mwenye mtoto wa miaka mitatu atatumia saa mbili, kwa kuwa kila mdudu ni kituo. Acheni iwe hivyo. Wenye mtoto wa mgongoni pia waishie hapa.

Nieleze hili la mgongoni, maana wengi hulidharau. Mbeleko ya kanga ni nzuri kwenye tambarare na hata kwenye kupanda, ila hatari yake iko kwenye kushuka. Anayeteleza akiwa anashuka huangukia mgongo, na mgongoni yupo mtoto. Kumhamishia mbele nako hakufai, kwa sababu hapo hauoni unapokanyaga. Ikibidi kushuka na mtoto mgongoni, mbebaji ashike fimbo, ashuke kwa ubavu, na mtu mzima mwingine atangulie hatua mbili chini yake akiwa hana mzigo mikononi. Gari la kusukuma mtoto liacheni nyumbani. Hakuna mahali litakapopita.

Sonjo ni ya katikati, saa mbili hadi tatu kwenda na kurudi. Inapita kwenye miombo kabla ya kufika majini, kwa hiyo kivuli chake si kizito kama cha msitu na jua la saa 5 huuma. Inawafaa watoto wa miaka sita au saba kwenda juu. Nyote mkiwa hamjawahi kupanda mlima, anzeni na hii siku ya kwanza, Sanje iwe siku ya pili.

Sanje ndiyo inayowaleta watu. Maji yanaanguka kwa mita 170 kwa jumla, kwa ngazi ngazi, na hata mkiwa barabarani mnaona mstari mweupe ukining'inia msituni. Njia inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita kumi kaskazini mwa Mang'ula, hivyo mkishalipa langoni mnahitaji usafiri wa kurudi nyuma. Pangeni na dereva awasubiri au aje saa mliyokubaliana. Kwa watu wazima mzunguko wake ni saa tatu hadi tano. Wenye watoto wa miaka minane hadi kumi na mbili wahesabu sita, pamoja na kula na kuogelea. Chini ya miaka minane siishauri, isipokuwa mtoto ana mtu mzima wake peke yake, asiye na begi wala mtoto mwingine.

Kuna jambo la mlima huu linalowashtua wageni. Uso wa Udzungwa unatazama mashariki. Asubuhi jua linaupiga moja kwa moja, kwa hiyo kila nusu saa mnayochelewa kuanza mnailipa kwa jasho. Mchana jua linajificha nyuma ya kilele mapema, na msituni giza linaingia wakati mashamba ya miwa bondeni bado yanang'aa. Anzeni kupanda saa 1 asubuhi, saa 2 ikizidi sana. Ikifika saa 8 mchana muwe mmeshageuza, hata kama hamjafika maporomoko ya juu. Wengi huanguka wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, magoti yakiwa yamelegea na watoto wakikimbilia nyumbani. Wekeni akiba ya kitu kitamu cha kuwapa kabla ya kuanza kushuka. Sukari kidogo hapo humrudishia mtoto uangalifu.

Mkifika mahali msitu unapofunguka, simameni mtazame chini. Pale ndipo pa kumwonyesha mtoto ramani halisi: miwa, mpunga, reli ya TAZARA, na uwanda wa mto unaopotea kwenye ukungu. Maji yanayoporomoka nyuma yenu yatafika Rufiji, yatapita kwenye bwawa la Julius Nyerere, na mwisho yataingia baharini karibu na Mafia. Mto Kilombero peke yake huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Mtoto wa darasa la nne anayaelewa hayo pale juu kwa dakika tano, kuliko kwa wiki nzima ya kukariri.

Maji

Kwenye vidimbwi vya Sanje watu huogelea, na maji ni ya baridi hasa. Mwongozaji ndiye aseme kidimbwi kipi kinafaa siku hiyo. Msisimame chini kabisa ya maji yanayoanguka: huko juu kuna magogo na mawe, nayo hushuka bila taarifa. Watoto wavae viatu vya plastiki ndani ya maji, kwa sababu mwamba wenye ukoga haushikiki kwa unyayo mtupu. Kandambili hazifai, zinavuka mguuni na mtoto huzifuata kwenye kina. Kila mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima mmoja aliye ndani ya maji pamoja naye. Kukaa juu ya jiwe na simu ya kupigia picha hakuhesabiki kuwa ni kumwangalia.

La kuogopa zaidi ni mvua ya juu. Bondeni kunaweza kuwa kweupe huku nyuma ya kilele mvua ikinyesha, na mto ukapanda ghafla. Dalili zake ni tatu: maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo, majani na vijiti vinaanza kupita, na mlio wa maporomoko unakuwa mzito. Ukiona moja tu, toeni watoto wote mara moja, na mtokee upande wenye njia ya kurudi. Mkitokea ng'ambo mnaweza kukaa huko mpaka usiku.

Mito hii ya kasi haina shaka kubwa ya kichocho. Mifereji ya mashamba ya mpunga na madimbwi yaliyotuama bondeni ni habari nyingine. Huko watoto wasiingie majini hata kama watoto wa jirani wanacheza.

Mbega, kima na n'golaga

Udzungwa ina mbega mwekundu asiyepatikana nje ya eneo hili, na ina nyani mwenye mkia mrefu ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, hapo Sanje, baada ya kusikia sauti yake. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, walimwita n'golaga. Mwelezeni mtoto hivyo hivyo: mnyama mkubwa kiasi kile alikuwa hajaandikwa popote, na aliyejua ni mtu wa kijijini.

Kuwaona kunataka asubuhi na utulivu. Wasikilizeni kwanza: matawi yakivunjika na kutikisika, ni mbega wanaruka. Simameni pale pale mlipo, msielekeze vidole juu, mhesabu hadi mia moja. Watoto huweza kunyamaza kwa muda huo kama kuna kuhesabu. Nguo nyeupe na nyekundu kali zinawashtua, kijani na kahawia hazisumbui. Tembo na nyati wapo pia, na njiani mtaona kinyesi cha tembo, ila katika njia hizi fupi hawakutani na watu mara kwa mara. Mwongozaji akisema "tusubiri", msubiri.

Nyani wa kawaida ni kazi tofauti. Wanaijua mifuko. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo chakula kiwe kwenye hotipoti au chombo chenye mfuniko wa kubana, ndani ya begi lenye zipu. Mtoto asile ndizi akitembea. Nyani akilishika begi, liacheni. Ana meno marefu na hana muda wa mabishano.

Cha kubeba

Maji lita mbili kwa mtu mzima na moja kwa mtoto, kwa njia ya Sanje. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na karanga hustahimili joto. Wali wa nazi wa jana usiku hauvumilii mpaka saa 7 mchana. Mikono mirefu na suruali ndefu, hata kama ni joto, kwa sababu ya wadudu na upupu. Upupu huota pembezoni mwa msitu, na maganda yake yakikauka miezi ya kiangazi, manyoya yake hupeperuka. Mtoto akiwashwa ghafla asijikune wala kujisugua. Mpakeni tope, likauke, mlibandue pamoja na manyoya, ndipo mumwoshe na kumbadilisha nguo.

Siafu ni wa kuwahi. Mkiona mstari mweusi njiani rukeni kwa hatua moja kubwa. Msisimame kumwonyesha mtoto karibu. Wakishapanda mguuni, ondokeni kwanza hatua ishirini ndipo mvue viatu na kuwang'oa mmoja mmoja. Soksi zilizovutwa juu ya suruali huzuia nusu ya balaa hilo.

Siku ya Mikumi

Mikumi iko njiani, kwa hiyo watu hujaribu kuibana siku moja na Udzungwa. Haikai. Ipeni asubuhi yake, ama wakati wa kwenda ama wa kurudi. Hifadhi hii ya mwaka 1964 ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wa Mkata ndio wenye twiga, pundamilia, nyumbu na nyati bila kuwatafuta sana. Kiangazi gari dogo linapita njia kuu za Mkata. Masika udongo wake mweusi hugeuka gundi, na hapo hata gari la magurudumu manne hukwama. Kodini gari la wenyeji. Kwenye bwawa la viboko, kama kilomita tano kutoka langoni, mnaruhusiwa kushuka na kunyoosha miguu, na kwa watoto hiyo ndiyo sehemu wanayoikumbuka. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi huwaita mbung'o, basi nendeni na rangi za mchanga. Na kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi, fuateni vibao vya mwendo na msiwatupie nyani maganda: wanaokaa kando ya lami kungoja chakula ndio wanaogongwa.

Mtoni Ifakara

Kutoka Mang'ula hadi Ifakara ni mwendo wa saa moja hivi. Daraja la Kilombero, lenye mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, ni mahali pazuri pa jioni: upepo, mitumbwi ya Wandamba ikisukumwa kwa pondo, ndege wanaorudi kulala. Kaeni upande wa watembea kwa miguu na mshike mikono, malori hayapunguzi mwendo kwa ajili ya watazamaji.

Kuhusu kupanda mtumbwi nina msimamo mkali. Mto huu una viboko na mamba, na kiboko huzamisha mtumbwi bila kuuona. Kama hakuna jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, hakuna safari. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapozama. Kama mwenye mtumbwi anataka kuondoka baada ya saa 11 jioni, viboko wanapoanza kutoka majini, mkataeni. Watoto chini ya miaka saba wabaki ufukoni, mita kadhaa kutoka ukingo, wale perege wa kukaanga kwa wali wa Kilombero. Huo mchele unanukia tangu haujaiva, na mkinunua wa kurudi nao, nunueni Juni au Julai mavuno yakiwa mapya.

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuja: njia ni kavu, na Juni maporomoko bado yamejaa. Machi hadi Mei mto unafurika na njia za milimani zinateleza vibaya. Wakati wowote mjapo, bonde hili lina mbu wa malaria mwaka mzima, na wengi wao huuma usiku. Bebeni chandarua chenu chenye dawa na kamba mita nne, kwa sababu cha nyumba ya wageni huwa na tundu au hakitoshi kitanda cha watu watatu. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mmwambie daktari kwamba alilala Kilombero.